Vidole Viwili vya Mama Mkasi

Mwizi mwenye akili zake angebeba cherehani. Hilo ndilo lililomjia Mama Mkasi kichwani asubuhi ya Jumatatu, alipofungua duka na kukuta msumari mtupu ukutani. Cherehani zote mbili zilikuwepo, yake nyeusi ya kukanyaga na ile ya binti yake karibu na dirisha. Pasi ipo. Vitambaa vya wateja vipo, vimekunjwa kama alivyoviacha. Hata redio ipo, nayo ni redio ambayo ukiipiga kofi inaimba vizuri tu. Kilichoondoka ni fungu la karatasi za kaki lililokuwa likining'inia pale tangu nusu ya mtaa haijazaliwa.

Sasa usicheke ukasema karatasi tu. Zile zilikuwa pateni zake. Kila nguo aliyoibuni maishani aliichora kwanza kwenye kaki, akaikata vipande, mgongo, kifua, mkono, ukosi, akavitoboa tundu na kuvifunga pamoja kwa ukanda wa kitambaa. Fundi mwenye pateni hahangaiki. Mteja akija anataka gauni kama la mwaka juzi, unanyoosha mkono msumarini, kazi imeshafika nusu. Miaka ishirini na saba ya kazi ilikuwa pale msumarini.

Na si kazi tu. Mama Mkasi hakuwahi kuwa na daftari. Mtu anayeanza kushona na mtoto mgongoni, daftari atalishikia wapi? Kwa hiyo aliandika palepale, kwa penseli, pembeni mwa vipande, lolote lililompita moyoni siku hiyo. Kwenye mkono wa gauni la harusi la jirani aliandika, "Kidosho kaota jino, kaning'ata." Kwenye kaptura fulani, "Baba yake kaaga leo. Anakwenda kusoma miezi sita." Kwenye kaptura ya mwaka uliofuata, "Miezi sita ya huyu bwana ni mirefu." Baada ya hapo baba hakuandikwa tena, maana hata yeye hakuandika. Na kwenye ukosi wa shati moja la mwanafunzi ameandika, "Nimeota nafundisha. Wote walikuwa kimya wananisikiliza." Hakumwonyesha mtu. Aliona haya, mwanamke mzima kuandika ndoto kwenye ukosi.

Ualimu ndio aliokuwa ameutaka. Barua ya chuo ilikuja, sare akashonewa, sanduku likafungwa, na tumbo nalo likajitokeza, likawahi kabla ya tarehe ya kuripoti. Chuo hakikupokea wenye mimba. Sare ile ile ndiyo aliyoifumua akajifunzia kushona, na kitambaa chake kikaishia kuwa vinguo vya mtoto. Mtoto mwenyewe alitoka mwembamba, mrefu wa shingo, na macho ya kujua mambo, wakamwita Kidosho, jina likamganda.

Basi alikuwa amesimama akikodolea ule msumari, mpiga pasi wa kibaraza cha jirani akachungulia, mkononi pasi yake ya mkaa inafuka moshi. Huyu ni mtu wa maneno. Nguo yako akiipiga pasi, na wewe mwenyewe anakupiga pasi humohumo.

"Umeamkaje, dada?"

"Nimeibiwa."

"Umeibiwa nini?"

"Pateni."

Mpiga pasi alinyamaza, na hapo ndipo Mama Mkasi alipoanza kuogopa, kwa sababu yule bwana hajui kunyamaza. Aliiweka pasi chini. Akajifuta jasho lisilokuwepo.

"Mimi mtu asije akasema nimesema," alianza. "Lakini macho sikuyanunua, nimezaliwa nayo. Jumamosi alasiri, ulipokwenda msibani, Kidosho alikuja na kikapu. Kimeingia kitupu, kimetoka kimejaa. Nikamwambia, mama yako hayupo. Akaniambia anajua."

"Kidosho anaumwa tumbo. Ijumaa aliniaga."

"Basi tumbo lile lina miguu, dada."

Alimfukuza. Alimwambia aende akaunguze suruali za watu huko, mtoto wake si mwizi, na mpiga pasi akaenda, bila kujibu, na hilo pia halikuwa kawaida yake. Simu ya Kidosho ilikuwa imezimwa. Mama Mkasi aliketi kwenye kiti cha binti yake, kile chenye mto alioushona kwa mabaki ya vitambaa, akajaribu kufikiria mtu mwingine yeyote mwenye ufunguo wa duka. Hakuwepo. Ufunguo ulikuwa na watu wawili tu duniani.

Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema, na yeye alikuwa amelisema hilo mara ngapi kuhusu waume na mashoga wa watu wengine, akicheka, sindano mdomoni. Kumbe nguo zenyewe ndizo hizi.

Nieleze jambo moja hapa, maana bila hilo hutaelewa kilichotokea Jumatano.

Bibi aliyemfundisha Mama Mkasi kushona alikuwa na tabia yake. Mafundi wengi wakichora pateni huweka na nafasi ya mshono kabisa, ile sehemu ya pembeni inayoliwa na sindano ndani. Ukifuata karatasi, umemaliza. Yule bibi hakuiweka. Alichora mwili mtupu, na wakati wa kukata kitambaa aliweka vidole viwili pembeni mwa karatasi, akakata nje ya vidole, akavisogeza, akakata tena, mpaka mwisho. "Karatasi itaibiwa," alimwambia Mama Mkasi. "Vidole haviibiwi." Mwenye kuchukua pateni zake na kukata juu ya mstari angepata nguo ndogo, iliyobana kila upande, na asijue kosa liko wapi. Mama Mkasi akarithi ufundi, na kufuli akairithi.

Na Kidosho hakuambiwa.

Tangu akiwa na miaka kumi na mitano alishona dukani kwa mama yake, na kwa kushona, msichana yule alikuwa hatari. Zipu aliyoitia yeye ilikuwa haionekani. Lakini kukata, hapana. Mama alikata mwenyewe, alfajiri, duka limefungwa, binti akija anakuta vipande vimeshapangwa mezani. Mkasi ulikuwa haushikwi, ndiyo maana mtaa mzima ukamwita mwanamke yule Mama Mkasi na yeye akaona ni sifa. Kidosho akiomba kufundishwa, jibu lilikuwa, "Mwakani." Mwanzoni mama alijiambia kwamba hataki mtoto azame kwenye ufundi, anataka asome. Kidosho akamaliza shule, hakuendelea, na jibu likabaki mwakani. Ukimbana Mama Mkasi sana angekwambia ukweli, ingawa hakuna aliyembana. Ajuaye kukata haombi ruhusa ya kuondoka. Mtu mmoja alishamwondokea kwa miezi sita. Hakutaka wa pili.

Jumanne alifunga duka saa nne akaenda upande wa pili wa soko, alikoambiwa kuna fremu mpya ya duka, ya binti yake. Hakuambiwa na mpiga pasi. Aliambiwa na muuza vifungo, akidhani anampongeza. "Hongera bwana, naona mnatanua biashara." Fremu ilikuwa imefungwa, lakini kioo cha mlango kilikuwa kipya na safi, akaweka viganja pembeni mwa macho akachungulia. Kuna cherehani ya umeme. Kuna kioo kirefu cha wateja, kitu alichokitamani yeye miaka yote. Kuna msumari ukutani, na msumarini fungu la karatasi za kaki, limefungwa kwa ukanda ule ule wa maua ya bluu alioufunga yeye kwa mkono wake.

Juu ya meza kulikuwa na gauni jeupe la muuguzi.

Akajishika kwenye mwimo wa mlango. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita akamuuliza kama anaumwa, akasema hapana, jua tu.

Maana gauni lile alilijua, na alijua linakwenda wapi. Hospitali iliyo nyuma ya soko ilikuwa inatafuta fundi wa kushona sare mpya za wauguzi wake wote. Metroni, mkuu wa wauguzi, mwanamke asiyependa maneno mengi, alikuwa ametoa vipimo vya muuguzi mmoja, kila fundi alete gauni la mfano siku ya Jumatano, lijaribiwe palepale. Kazi yenyewe ilikuwa nzuri, lakini kilichomkosesha Mama Mkasi usingizi ni kile kilichoambatana nayo. Fundi atakayechaguliwa angepewa chumba cha zamani cha kufulia, kikubwa, chenye madirisha pande mbili, kwa sharti moja. Kila alasiri awafundishe ushonaji wasichana wanaojifungulia pale wakiwa bado wana madaftari ya shule, wakirudi nyumbani na mtoto na bila shule. Metroni aliposema hivyo mbele ya mafundi, Mama Mkasi alijifanya anatafuta leso. Ilikuwa kama mtu amefungua ule ukosi wa shati akausoma.

Darasa. Na ubao. Na wanafunzi ambao yeye anawajua hata kabla hajawaona.

Kidosho alikuwa wa kwanza kuambiwa. Jioni ile mama alimsimulia mpaka chai ikapoa, na binti alisikiliza, akakata uzi kwa meno, akasema, "Utakipata, Mama." Na muda ule, Mama Mkasi aliwaza sasa akiwa ameegemea mlango wa watu, muda ule ule binti alikuwa tayari ana ufunguo wa fremu mfukoni.

Gauni la mfano la Mama Mkasi lilikuwa limekwisha tangu Ijumaa na liko nyumbani kwake, salama. Kwa hiyo hakuibiwa nafasi ya kushindana. Aliibiwa vingine. Gauni lile lilikuwa na kipande cha kwapani, umbo la yai, kilichounganisha mkono na ubavu, ili muuguzi akiinua mgonjwa nguo isipande wala kuchanika. Hakuna fundi mwingine aliyekuwa nacho. Na alikipata wapi? Alikipata siku aliyomzaa Kidosho. Alikuwa na miaka ishirini kasoro, analia, hataki kusogea, muuguzi mmoja akampitishia mikono makwapani akamwinua kama gunia, na nguo ya muuguzi ikachanika chini ya mkono, kraa. Muuguzi akacheka. "Umenichania sare, sasa usipomtoa huyo mtoto hatuelewani." Akamtoa. Miaka kadhaa baadaye, akiwa fundi kamili, aliikumbuka ile sauti ya kitambaa, akakaa siku tatu na kaki mpaka akapata dawa yake.

Mwili wake, uchungu wake, kipande chake. Na aliyezaliwa siku ile ndiye aliyekichukua.

Usiku hakulala vizuri, lakini kulipokucha alikuwa ameamua. Alivyojua yeye, Kidosho angekuwa amekata juu ya mstari. Hakuna aliyemwambia vinginevyo. Gauni lile jeupe lingembana muuguzi, aibu ingempata mbele ya watu, na jina la fremu mpya lingekufa kabla rangi ya bango haijakauka. Hasira ilimwambia, mwache, ale jeuri yake. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nikimkuta pale nitamvuta pembeni, alijiambia akivaa viatu. Nitamwambia, mwanangu, omba siku moja zaidi, sema umekosea kipimo. Kugombana tutagombana nyumbani.

Hilo lilikuwa kusudio lake, na lilikuwa la kweli. Wote mlioanza kumhukumu, lishikeni hilo.

Alifika hospitali saa tatu kasoro. Ofisi ya Metroni ilikuwa na meza ndefu, kabati la mafaili, kiti cha mgonjwa kilichovunjika mkono, na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Mafundi wengine wawili walikuwa wameshaonyesha kazi zao na kuondolewa. Kidosho alikuwa ameketi kwenye benchi, kavaa gauni la kijani ambalo mama hakuwahi kuliona, mikono juu ya magoti. Aliinuka.

Mama Mkasi alikuwa ameshafungua mdomo kusema mwanangu.

"Shikamoo, fundi," alisema Kidosho.

Fundi. Akaitikia marahaba, kwa mazoea tu, ulimi ulijisemea. Metroni akainua macho kutoka kwenye karatasi zake.

"Mnafahamiana?"

Palikuwa na nafasi pale. Nyembamba, lakini ilikuwepo. Mama Mkasi alimtazama binti yake akasubiri, kama alivyosubiri zamani mtoto yule aliposimama wima mara ya kwanza akashikilia mguu wa cherehani, akitaka kuona kama ataachia.

"Namfahamu," Kidosho alisema. "Niliwahi kumshonea, zamani kidogo."

"Na hiki?" Metroni alikuwa ameyatandaza magauni mawili mezani, moja kando ya lingine, kidole chake juu ya kile kipande cha kwapani. "Mmefanana mno hapa. Nani kabuni?"

"Mimi," Kidosho alisema. Sauti haikutetemeka. Alimtazama mama yake usoni kabisa aliposema, na hilo ndilo lililomkata maini Mama Mkasi, kwamba hakuinamisha macho. Mwizi huinamisha macho. Huyu alikuwa kama anadai.

"Na wewe mama unasemaje?"

Mama Mkasi alinyoosha mkono akaligusa gauni la binti yake. Hakuhitaji hata kulinyanyua. Mshono ulikuwa mzuri kupita wake mwenyewe, zipu haionekani, pindo limenyooka kama mstari wa rula. Na kila upande lilikuwa limepungua vidole viwili. Lingeingia kwa shida, na muuguzi akiinua mkono, usingefika hata begani.

Sasa ndipo pa kumvuta pembeni. Sasa ndipo pa kusema, Metroni, tupe dakika moja. Alilijua neno lenyewe, lilikuwa limeshafika mdomoni, alilibeba tangu nyumbani. Lakini "niliwahi kumshonea, zamani kidogo" ilikuwa bado inalia masikioni mwake, ikalifunika. Miaka ishirini na saba. Surua, nimonia, karo, viatu. Chuo. Zamani kidogo.

"Mimi sina la kusema," alisema. "Nguo na zivaliwe."

Muuguzi akaitwa, mwanamke mwenye mwili wake na kicheko karibu. Alivaa kwanza gauni la Mama Mkasi nyuma ya pazia, akatoka, akainua mikono, akainama, akamkumbatia Metroni akajifanya anamnyanyua, wakacheka wote wawili. Likamkaa. Kisha akaingia na la Kidosho. Walimsikia akihema. Pazia likatikisika. "Jamani, jana nilikula nini?" akasema huko ndani, na akatoka amejikaza, zipu imefika nusu ya mgongo.

"Inua mkono," alisema Metroni.

Akainua, na gauni likapasuka. Halikupasuka kidogo. Lilianzia kwapani likashuka ubavuni mpaka kiunoni, na mlio wake ni ule ambao Mama Mkasi aliwahi kuusikia ndani ya hospitali hii hii. Muuguzi akajifunika kwa mikono. Kidosho aliinuka, akakaa, akainuka tena. Kwanza alilitazama gauni, akaangalia mikono yake mwenyewe, halafu taratibu akageuka kumwangalia mama yake. Mama Mkasi alikuwa anaangalia kabati la mafaili.

Metroni hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Alimshukuru Kidosho, akamwambia kazi yake ya sindano ni safi ila ajifunze kupima. Akafungua mtoto wa meza, akatoa ufunguo wa chumba cha kufulia, akauweka mkononi mwa Mama Mkasi, akasema atamfuata baada ya kuzungukia wodi wakakitazame pamoja.

Koridoni Kidosho alikuwa akimsubiri, gauni lililochanika limekunjwa vizuri kwapani. Hata hasira haikuweza kumzuia kukunja nguo vizuri. Hilo alilipata kwa nani?

"Uliona," alisema.

"Niliona."

"Tangu ulipoligusa."

"Tangu likiwa mezani."

Kidosho alitikisa kichwa. "Mimi sikupima hata kidogo. Nilikuta umeandika 'hospitali' kwenye karatasi, nikajua kipimo ni hicho. Kazi yako haikosei. Hivyo ndivyo nilivyojua."

Mama Mkasi alitaka kuwa mkali na akawa. "Na mimi ukanikana mbele ya watu. Fundi! Nimekuzaa ndani ya jengo hili hili ukaniamkia fundi. Ungeniita mama pale, mara moja tu, ningekufia."

"Ningesemaje? Kwamba mimi ni yule mwizi?"

"Mwizi gani?"

"Kwenye gauni langu la mwaka mmoja. Kipande cha mgongo." Kidosho alikuwa amelikariri, alilisema kama mtoto anayesoma mbele ya darasa. "'Mtoto huyu kanilia chuo changu. Mungu anisamehe, siku nyingine namtazama naona mwizi.' Mwandiko wako, Mama. Nilizichukua nipate kazi, sikatai, nilichoka kuambiwa mwakani. Nilikuwa nizirudishe. Nikakaa sakafuni kule kwangu nikazisoma zote, mgongo na kifua na mikono, nikitafuta pengine kuna mahali umeandika vingine. Lipo jino langu, ipo homa yangu, ipo safari ya baba. Lakini lile hukulifuta. Nikasema basi, kama ni mwizi tangu nikiwa na mwaka, hebu niibe kweli."

Mama Mkasi hakulikumbuka. Alilitafuta kichwani hakulikuta, wala siku yenyewe, wala penseli. Lakini alijua kwamba ni yeye, maana alijua namna alivyokuwa mwaka ule, chumba kimoja, mtoto haachi kulia, na sare ya chuo imefumuliwa kitandani. Alikuwa na miaka ishirini. Alitaka kusema hivyo, akaona itasikika kama kisingizio, na ilikuwa kisingizio.

Akasema jambo jingine, la pekee alilokuwa nalo la kutoa.

"Ni vidole viwili," alisema. "Karatasi zangu hazina nafasi ya mshono. Unaweka vidole viwili kando ya mstari, unakata kwa nje. Kila upande."

Kidosho alisubiri aendelee.

"Halafu?"

"Basi."

"Ni hicho tu?"

"Ni hicho tu."

"Miaka kumi na miwili," Kidosho alisema, pole pole, "ilikuwa ni hicho." Alitazama vidole vya mama yake vilivyoshika ufunguo. Machozi yalikuwa yamemlenga lakini hakuyaachia. "Hawa wasichana wa humu. Wao utawaambia lini?"

Angeweza kudanganya. Akatafuta uongo wa kumsaidia na hakuupata, kwa sababu somo lenyewe alikuwa amelipanga kichwani tangu siku ile ya kwanza, neno kwa neno, hata mahali pa kusimama, na lilianzia hapohapo.

"Siku ya kwanza," alisema.

Kidosho aliitikia kwa kichwa, akaliweka sawa lile gauni kwapani.

"Hongera, mwalimu," alisema, na hakulisema kwa kejeli. Akageuka akaenda zake kupitia mlango wa wodi ya wazazi, mwembamba, shingo ndefu, akiwapisha wauguzi waliokuwa wakiingia na vitanda vya watoto.

Mama Mkasi alibaki pale. Alikuwa amesubiri tangu ujana wake mtu amwite hivyo, na sasa ameitwa. Metroni aliporudi kutoka wodini alimkuta amesimama palepale, akamuuliza kama ameshakiona chumba. Akasema bado. Akaomba maji ya kunywa.